Kiyoyozi kijijini: leseni kwanza, drili baadaye

Uwe Sengerema au Magu, mkoani Mwanza, kazi ya nyaya ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwambie akuoneshe, usome daraja na tarehe ya mwisho. Iliyokwisha muda ni karatasi tu. Kama unaongeza chumba, pitia kwanza serikali ya kijiji na halmashauri.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kipewe laini yake kutoka meni swichi: waya wa milimita mraba 2.5, breka ya ampea 20, na athi, yaani waya wa kupeleka umeme wa hitilafu ardhini. Wengi huunga kwenye soketi ya friji. Waya unapata moto, plagi inayeyuka. Kabla ya kufungulia gesi, mabomba yavutwe hewa kwa pampu, maana unyevu ukibaki huua kompresa, mashine inayosukuma gesi. Karibu na Ziwa Victoria, wadudu huziba kondensa, yaani sehemu ya nje inayotoa joto. Ioshe mara kwa mara.