Somo: Kuchagua kronografu ya kupigia mbizi kama mkono wako ni mwembamba

Habari za jioni ndugu zangu. Somo hili nimelidaiwa tangu mwanzo wa kaskazi, na leo boti imepumzika, basi nalilipa.

Mimi naongoza wazamiaji Mafia, ndani ya ghuba ya Chole na nje kwenye mlango wa Kinasi. Kifundo cha mkono wangu kina mzunguko wa sentimita 15. Saa ya kwanza ya mbizi niliyoinunua kwa jasho langu ilikuwa kronografu ya milimita 45. Muuzaji aliniambia nitaizoea. Niliivaa miezi minne. Kila nikijivuta kupanda ngazi ya boti, ule ufunguo wa pembeni, kile kinundu cha kujazia springi na kuwekea majira, ulinichimba mgongo wa kiganja mpaka pakawa na alama, na saa yenyewe ilikuwa inagonga kila mtungi ninaoubeba. Nikaiuza kwa hasara. Tangu siku hiyo sinunui saa kabla ya kupima, na ndilo ninalotaka mlishike leo: namba kubwa inayotangazwa, yaani kipenyo, ndiyo inayokuambia machache kuliko zote.

Kwa wageni wa mambo haya: kronografu ni saa yenye kipima muda ndani yake. Kitufe cha juu kinaanzisha na kusimamisha mshale mrefu wa katikati, cha chini kinaurudisha kwenye sifuri. Hapa nazungumzia za mashine, zenye springi, siyo za betri.

Hatua ya kwanza: jiulize unaitakia kazi gani

Chini ya maji, kazi ya muda inafanywa na pete ya juu inayozunguka. Unapoanza kushuka unaleta alama ya pembetatu mbele ya mshale wa dakika, basi. Pete hiyo inatakiwa izunguke upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa mishale. Sababu yake ni uhai wa mtu: ikigongwa kwenye mwamba ikasogea, itakuonyesha umekaa chini muda mrefu kuliko ulivyokaa, utapanda mapema, utafika salama. Ingesogea upande wa pili ingekudanganya kwamba dakika bado unazo.

Kronografu kwangu mimi ni kazi ya juu ya maji. Mgeni wa mwisho akishapanda botini nabonyeza, nahesabu mapumziko kati ya mbizi ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo natazama vile vijisaa vidogo usoni. Chenye kuhesabu dakika 30 peke yake hakinitoshi, kwa sababu baada ya nusu saa kinaanza upya na mimi nipo nagawa chai na matunda. Nataka kuwe na cha saa 12 pia. Wewe kama unapimia wali jikoni, dakika 30 zinatosha kabisa.

Na tuelewane: mkononi mwangu kompyuta ya mbizi, kile kifaa kinachohesabu kina na muda, ndiyo kiongozi. Saa ni shahidi wa pili.

Hatua ya pili: pima mkono, halafu pima tena

Hapa ndipo watu wanaruka, na ndipo fedha zinapopotea.

Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye kifundo pale saa inapokaa, weka alama, nyoosha kwenye rula. Hiyo ni sentimita ya mzunguko, na inakusaidia kwenye mkanda tu. Kipimo chenye maana ni cha pili: weka mkono mezani, kiganja chini, kisha pima upana wa ile sehemu bapa ya juu, kabla mkono haujaanza kuinama pembeni. Wangu ni milimita 46. Watu wawili wenye mzunguko sawa wanaweza kutofautiana hapa, kwa kuwa kuna mwenye mkono bapa kama kasia na mwenye mkono wa duara kama mpini wa jembe.

Sasa nenda kwenye saa. Ile mikono minne ya chuma inayoshika mkanda, mimi naiita masikio. Umbali kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini ndio unaoamua kama saa inakaa au inaning'inia. Usizidi upana wa bapa lako. Ukizidi kwa milimita moja au mbili na masikio yakawa yameinama kuelekea chini, bado utakaa vizuri. Zaidi ya hapo utaona mwanga ukipita kati ya mkanda na ngozi.

Mfano mmoja wa saa ambayo wengi tunaijua, ingawa siyo kronografu: Seiko SKX007. Kipenyo chake ni milimita 42.5, ukisikia hivyo unasema siyo yangu. Lakini sikio hadi sikio ni 46 hivi, na ndiyo maana imekaa kwenye mikono myembamba miaka yote hiyo. Zipo saa za 40 zenye masikio marefu yaliyonyooka kama pembe za choroa, na hizo zinakataa.

Kama saa iko mbali nawe, kata kadibodi kwa vipimo vyake, masikio yakiwemo. Kisha panga vipande juu yake mpaka ufikie unene wake, funga kwa gundi ya karatasi, vaa nyumbani siku nzima. Fua nayo, pika nayo, vaa shati la mikono mirefu. Utajua kabla ya jioni.

Hatua ya tatu: unene, na mashine iliyomo ndani

Hili ndilo gumu kwa kronografu ya mbizi kuliko saa nyingine yoyote, maana unene unakuja kutoka pande mbili. Maji yanataka kioo kinene, mgongo mnene na pete juu. Kipima muda kinataka mashine nene. Vyote viwili vinapandana juu ya mkono wako.

Mashine iliyoenea kuliko zote ni Valjoux 7750, iliyotoka miaka ya 1970 mwanzoni. Ina unene wa milimita 7.9. Sellita SW500 imefuata ramani ileile na unene uleule. Ongeza uso, mishale, kioo, mgongo na pete, na utaona kwa nini kronografu ya mbizi yenye mashine hii ni nadra kushuka chini ya milimita 14. Ina tabia nyingine ambayo wenye mikono minene hawaisemi: bawa lake la ndani linajaza springi likizunguka upande mmoja tu, upande wa pili linakimbia bure. Ukitikisa mkono unalisikia likizunguka, saa nzima inatetemeka. Kwenye mkono mwembamba unalisikia zaidi. Wengine wanalipenda, mimi nilichukua wiki mbili kuacha kushtuka.

Ipo ETA 2894-2, yenye unene wa 6.1. Hii ni mashine nyembamba ya kawaida iliyobebeshwa kipima muda juu yake, upande wa uso. Unapata saa nyembamba, lakini fundi akitaka kugusa huku lazima afungue kule. Ipo na El Primero ya Zenith ya mwaka 1969, iliyo karibu na 6.5, nzuri mno, na bei yake ni ya watu wengine.

Za kutia ufunguo kwa mkono hazina bawa, kwa hiyo zinapunguza unene. Mchina ana ST19 ya Tianjin, uzao wa Venus 175 ya Uswisi, ya bei nafuu na tamu kuitazama. Ila saa nyingi zinazoibeba hazikujengwa kwa mbizi. Soma mgongo wake kabla ya kuishusha majini.

Kuhusu namba ya unene yenyewe: kioo kilichobinuka kinahesabiwa, lakini jicho halikioni. Mgongo uliotuna nao unazama kidogo kwenye nyama. Kinachokusumbua ni ubavu wa chuma. Ukiwa mrefu na mnyoofu, saa inakaa kama kopo.

Hatua ya nne: maji

Kila mita 10 za kina zinaongeza presha ya takriban bar 1. Saa iliyoandikwa mita 30 au 50 siyo ya kupiga mbizi, hata kama tangazo lake lina picha ya papa. Kiwango cha kimataifa cha saa za mbizi ni ISO 6425. Kinataka angalau mita 100, kinataka saa ijaribiwe kwa presha ya asilimia 125 ya ile iliyoandikwa, na kinataka uisome gizani kutoka sentimita 25. Saa ya kawaida ina tundu moja ubavuni, la ufunguo. Kronografu ina matatu: ufunguo na vitufe viwili. Kila tundu lina ringi yake ya mpira, na kila ringi inazeeka. Mimi natafuta mita 200, siyo kwamba nitafika huko, bali ili ringi zikichoka kidogo niwe bado na akiba.

Hatua ya tano: majina machache

Omega Seamaster 300M ya kronografu ya sasa ina kipenyo cha 44 na unene unaozidi 17. Naiheshimu, haitufai. Zile za miaka ya 1990 zilikuwa 41.5, ukipata iliyotunzwa, ipime presha kwanza. Tudor Black Bay Chrono ina 41, unene wa 14.4, mita 200, vitufe vya kufunga kwa skrubu, na kijisaa cha dakika 45. Lakini pete yake haizunguki, imeandikwa vipimo vya mwendokasi. Kwa mzamiaji hilo ni pengo, na sikio hadi sikio inakaribia 50. Nivada Grenchen Chronomaster ya kutia ufunguo ina 38 na pete inayozunguka, mita 100. Kwa mkono wa sentimita 15 au 16, katika zote nilizozivaa, hiyo ndiyo iliyonifanya nisahau kwamba nimevaa saa.

Mkanda nautaja haraka. Ule wa nailoni unaopita chini ya saa unaongeza unene, kwa hiyo kwenye kronografu uache. Mpira wenye mikunjo ndio bora majini, kwa sababu vazi la mbizi linabanwa na presha ukishuka, na mkunjo unajivuta kufuata.

MASWALI

Mwanachama wa Mombasa: Dada, mkono wangu sentimita 16. Nimeona moja ya 42, lakini dukani inaonekana ndogo kuliko ya 39 iliyo pembeni yake. Macho yangu au nini?

Macho yako mazima kaka. Pete ya mbizi ni nene, inaula uso wa saa. Uso ukiwa mdogo, jicho linasema saa ndogo. Ile ya 39 pengine haina pete, uso umefika hadi ukingoni. Jicho lidanganywe tu, haina neno, lakini chukua rula upime masikio.

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo dada. Naweza kubonyeza vitufe nikiwa chini ya maji?

Marahaba mdogo wangu. Hapana, isipokuwa mtengenezaji ameandika wazi kwamba inaruhusiwa, kama Omega anavyofanya kwa hiyo 300M. Kitufe cha skrubu ukikilegeza chini ya maji umefungua mlango mwenyewe. Na hata juu, ukitoka baharini, suuza saa kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kubonyeza chochote. Chumvi ikikaukia kwenye shina la kitufe inaikata ringi kama msasa.

Mwanachama wa Maskati: Huku joto ni kali, mkono unavimba mchana na kusinyaa usiku. Chuma au mpira?

Chuma ukitaka, ila hakikisha kishikizo chake kina nafasi za kusogeza kidogo kidogo bila kutoa pini. Kronografu ni nzito juu. Mkanda ukilegea inapinduka upande wa kidole kidogo. Ukipata ya titani itakupunguzia mzigo sana. Na pingili ya kwanza inayoshika saa itazame: kama haikunji, inarefusha masikio hata kama karatasi inasema 46.

Mwanachama wa Dar es Salaam: Kwa nini usiseme tu za kutia ufunguo ndizo bora kwetu, kama ni nyembamba?

Kwa sababu ya skrubu. Saa ya mbizi yenye ufunguo wa skrubu ukiitia ufunguo kila siku, unaifungua na kuifunga kila siku. Nyuzi zinalika, ringi inalika. Mimi natia asubuhi, mikono mikavu, kabla sijashuka ufukweni, nafunga, nakagua tena kwa kidole. Asiye na subira hiyo achukue otomatiki, yaani ya bawa, na akubali milimita mbili. Jambo jingine: 7750 mafundi wengi wameshaifungua na vipuri vipo. Kabla hujamwachia fundi saa yako, muulize swali moja tu, ana mashine ya kupimia presha? Akisema atajaribu kwenye glasi ya maji, mshukuru, ondoka.

Mwanachama wa Zanzibar: Binti yangu amepata leseni ya mbizi, nataka kumzawadia. Mkono wake sentimita 14. Kronografu ipi?

Hongera kwake, mzee wangu. Nitakuambia kweli: kwa 14 sijaona kronografu ya mashine ya kupigia mbizi itakayomkaa. Mnunulie ya mishale mitatu yenye pete. Tudor Black Bay 54 ya mwaka 2023 ina 37 na mita 200, na zipo za bei ya chini zenye umbo hilohilo. Mwambie kwanza apime lile bapa, anitumie milimita.