Ramadhani imekwisha, ibada ibaki: mwongozo kwa mtu wa shughuli mjini Tanga

Idi ikishapita, safu za alfajiri msikitini huanza kupungua, na wengi hujilaumu kwamba imani imewatoka. Mara nyingi sivyo. Ndani ya Ramadhani mji mzima ulikuwa unakubeba: daku unaamshwa, futari unaitwa, tarawehe unapitiwa mlangoni. Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiandama, unabaki wewe na duka lako, mtumbwi wako au chungu chako cha maharage. Ibada iliyokuwa imeegemea shamrashamra za mwezi sasa inataka mahali pengine pa kuegemea, na mahali penyewe ni kazi unayoifanya kila siku.

Kosa la kwanza ni kutaka kubeba kila kitu. Mtu anajiwekea juzuu (fungu moja kati ya thelathini ya Kurani) kwa siku, rakaa nane za usiku, saumu ya Jumatatu na Alhamisi. Wiki ya pili anachoka, ya tatu anaacha vyote, hata vile vidogo alivyokuwa navyo kabla ya Ramadhani. Bibi Aisha amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, hata ikiwa chache. Basi tupime kwa kudumu.

Matatu ya kuanzia

Abu Huraira ameeleza kuwa Mtume alimuusia mambo matatu: kufunga siku tatu kila mwezi, rakaa mbili za dhuha, na kuswali witiri, sala ya sunna ya kufungia usiku, kabla ya kulala. Ukishazishika sala tano, anza na haya na usiongeze kitu mpaka upite mwezi mzima.

Dhuha huingia jua likishapanda kimo cha mkuki, yaani kama dakika 15 hadi 20 baada ya kuchomoza, na huendelea mpaka karibu na adhuhuri. Mwenye duka aiswali kabla hajafungua milango, maana akishafungua wateja hawamwachi. Mama anayekaanga maandazi ana nafasi baada ya kuuza ya asubuhi, mafuta yakiwa yanapoa. Tanga iko kiasi cha digrii 5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyakati za sala hazisogei sana mwaka mzima, ni nusu saa hivi. Ukipata kipenyo kinachokufaa leo, kitakufaa hata mwaka ukigeuka.

Siku tatu za kufunga, zilizo bora ni tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo. Mvuvi hahitaji kalenda: mwezi ukiwa mpevu na maji ya bamvu yamekaribia, siku zake ndizo hizo. Akishindwa hizo, afunge tatu zozote. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani yetu, saumu ya sunna unaweza kuinuia hata asubuhi, kabla jua halijapinduka, maadamu hujala wala kunywa kitu tangu alfajiri. Saumu ya kadha, yaani ya kulipa siku za Ramadhani zilizokupita, haiko hivyo. Hiyo lazima nia iwe ya usiku. Mwanamke mwenye siku za kulipa azitangulize, kisha ndiyo aje kwenye saumu sita za sunna za mfungo mosi, ambazo si lazima zifuatane. Mwenye kisukari au anayenywa dawa za kila siku aongee na daktari kwanza. Sunna haikuwekwa kumuumiza mtu.

Witiri ni rakaa moja kwa uchache, na tatu ndiyo desturi ya wengi. Usiyejiamini kuamka usiku, iswali baada ya isha. Aliyepitiwa ailipe anapokumbuka, asiseme imeshaharibika basi.

Ukitaka kuongeza Kurani, chukua kurasa mbili kwa siku. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, kwa hiyo utahitimu ndani ya miezi kumi hivi. Kurasa nne baada ya kila sala ya faradhi ni juzuu nzima kwa siku. Hiyo ni ya Ramadhani au ya mtu aliyekwisha kuzoea.

Udhu penye magamba na unga

Sala nyingi za kazini hupotea kwa sababu ya maji, kwani mtu husubiri mpaka afike nyumbani. Lakini Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, kiasi ambacho hakifiki lita. Chupa ya robo tatu lita inatosha ukimimina kidogo kidogo kiganjani badala ya kufungulia bomba.

Kinachoharibu udhu wa watu wa kazi ni kile kilichoganda mwilini. Maji lazima yafike kwenye ngozi. Muuza samaki pale Diipsii, soko la samaki la Tanga, anakuwa na magamba makavu yaliyonata nyuma ya mkono na pembeni ya kucha. Ukitazama haraka huyaoni, ila ukipitisha kidole unasikia pamekwaruza. Yasugue kwa dodoki au maganda ya ndimu kabla hujaanza kutawadha. Fundi uashi anakuwa na simenti chini ya kucha, mpika chapati ana unga uliokaukia kwenye pete, fundi rangi ana matone kwenye viwiko, na rangi ya kucha nayo inazuia. Hina haizuii, kwa sababu inapaka ngozi rangi bila kuacha utando. Weka msuli au kanga safi kwenye mfuko wa plastiki, mbali na ndoo ya samaki, ili usiwe na kisingizio cha nguo.

Mizani

Hapa ndipo penye uzito wote, na tunapaweka mbele ya sunna nyingi. Sura nzima ya Kurani, Al-Mutaffifin, imefunguliwa kwa ole kwa wanaopunja: wakipimiwa hutaka kamili, wakipima wao hupunguza. Mtu anaweza kufunga Alhamisi na siku hiyohiyo akapunja gramu 50 kwa kila kilo. Akiuza kilo 40, kilo mbili za watu zimebaki kwake.

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, angalia mambo haya. Mizani ikiwa tupu mshale usimame kwenye sifuri. Ya springi huchoka ikining'inizwa mzigo kutwa nzima. Ijaribu kwa kitu unachokijua: lita moja ya maji ni kilo moja, basi chupa iliyojaa ya lita moja na nusu isome kilo moja na nusu na ziada ndogo ya uzito wa plastiki. Ikikataa, ipeleke ikarekebishwe na kupigwa mhuri na Wakala wa Vipimo. Sahani au karai usimhesabie mteja. Samaki mchuruzishe maji kabla ya kumweka, maana maji yaliyojaa kwenye matamvua na tumboni nayo yanauzwa bei ya samaki. Anayeuza kwa sado, lile kopo la kupimia, atazame kitako: kikishabonyea kuja juu, kipimo kimepungua hata kama mdomo umefurika. Na anayenunua machungwa Muheza au mahindi shamba asidai lumbesa. Kumzidishia mkulima mzigo kwa bei ya gunia moja ni dhuluma ileile, imegeuzwa upande tu.

Ukigundua ulipunja bila kujua, mteja unayemjua mrudishie. Usiyemjua, toa kiasi hicho kwa niaba yake na urekebishe kipimo siku hiyohiyo.

Daftari la mikopo

Aya ndefu kuliko zote ndani ya Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni. Chora safu sita: tarehe, jina, kitu, kiasi, siku ya kulipa, sahihi ya mkopaji. Safu ya tano ndiyo watu wanaiacha kwa kuona haya, na ndiyo inayozaa ugomvi, kwa sababu mmoja anahesabu mwisho wa mwezi na mwenzake anahesabu mavuno. Ijumaa kabla ya kwenda msikitini lipitie. Aliyekwama kweli, aya ya 280 imekuamuru umpe muda mpaka apate nafuu, andika tarehe mpya pembeni na umwambie kwa upole, "Nimekusogezea, usinikimbie." Asipopata kabisa, kumsamehe ni sadaka, lakini usilitaje tena mbele za watu, maana masimbulizi yanaibatilisha.

Barazani

Kahawa na kashata baada ya isha si tatizo. Tatizo linaanza jina la mtu asiyekuwepo linapotajwa mara ya tatu. Kusengenya ni kumtaja nduguyo kwa jambo asilolipenda, hata likiwa kweli. Likiwa uongo, hilo ni buhtani, kubwa zaidi. Kunyamaza tu hakutoshi, kwani msemaji anaona unamsikiliza. Mtaje aliyesemwa kwa jema lake moja unalolijua, au geuza maneno: "Haya, hayo tumwachie mwenyewe, bei ya mkaa imefika wapi?" Wakirudia, nyanyuka. Kwenye kikundi cha WhatsApp, sauti ya kumsema mtu usiisambaze, ifute. Kama umeshasengenya na habari zimemfikia, nenda kamtake radhi. Kama hazijamfikia, usimpelekee jeraha jipya. Muombee dua na umsifu palepale ulipomsema.

Siku zisizo za kawaida

Mwanamke aliye kwenye siku zake haswali wala hafungi, lakini nyiradi zinabaki: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34 kabla ya kulala. Akikaa na tasbihi wakati ule ule aliokuwa akiswali, hapati shida kurudi akishatoharika.

Safarini, kwa madhehebu ya Shafi, kupunguza sala na kuzikusanya kunaanzia mwendo wa kilomita 80 na kitu. Anayekwenda Muheza hajafika, aswali kama kawaida. Anayekwenda Dar es Salaam amefika: akiwa ameshatoka nje ya mji wa Tanga, adhuhuri na alasiri anaweza kuziswali pamoja, rakaa mbili mbili, kwenye kituo ambacho basi linasimama kula. Ile chupa ya udhu ya robo tatu lita ijaze kabla hujapanda.