Laptopu moja, watoto kumi: kuandaa SuperTuxKart kabla ya kupanda Moshi Desemba

Desemba ikifika, nyumba za Marangu, Machame na Kibosho zinajaa watoto kutoka Arusha na Dar, na mara nyingi sebuleni kuna laptopu moja tu. Kwa hali hiyo, gemu la mbio linalofaa ni SuperTuxKart. Ni vigari vya katuni vinavyoendeshwa na wanyama: pengwini, panda, nyani na wenzao. Halina matangazo wala halimshawishi mtoto anunue sarafu kwa simu ya mama, na likishawekwa linachezeka bila intaneti. Ni programu huria, kwa hiyo kulinakili kwenye flashi na kumgawia binamu ni halali kabisa.

Lipakue ukiwa bado mjini penye Wi-Fi, kwenye tovuti yake ya supertuxkart.net. Faili ni zito, mamia ya megabaiti, si kitu cha kushusha kwa bando la siku. Chukua la Windows na la Android kwa pamoja, na hakikisha yote mawili ni toleo lenye namba ileile. Umuhimu wa hilo utauona kwenye simu.

Usiondoke nyumbani kabla ya kulijaribu. Mbio za mtu mmoja zisikudanganye: kioo kikigawanywa kwa wachezaji wanne, mashine inachora barabara ileile mara nne, na laptopu ya mtumba iliyokuwa ikienda vizuri inaanza kugandaganda. Ingia kwenye mipangilio ya picha, shusha kiwango hadi chini kabisa, zima taa na vivuli, kisha punguza ukubwa wa picha. Kama bado inasita, punguza magari yanayoendeshwa na kompyuta. Wachezaji wanne wenye magari mawili ya kompyuta wanatosha kuleta vurugu. Jambo lingine linalosahaulika ni umeme. Ukikatika, laptopu nyingi hujihamishia kwenye hali ya kubana chaji na kupunguza kasi ya prosesa, halafu watoto wanalalamika kwamba gemu limeharibika. Badilisha hali hiyo kwenye mipangilio ya betri, ukijua kwamba chaji itaisha mapema zaidi.

Sasa vitufe, maana hapa ndipo penye ugomvi. Mchezaji wa kwanza anatumia mishale kuendesha, kitufe kirefu cha nafasi kurusha silaha, V kuserereka, N kuwasha naitro (akiba ya kuongeza kasi kwa muda) na B kutazama nyuma. Wa pili mtengenezee mpangilio wake kwenye sehemu ya vidhibiti: ongeza kibodi mpya, kisha mpe W, A, S, D na vitufe vya jirani. Mkifika kwenye ukurasa wa kuchagua magari, kila mchezaji lazima abonyeze kitufe chake cha kurusha ndipo aingie. Asipobonyeza hayumo, na wengi hukwama hapo wakidhani pedi (kidhibiti cha gemu cha kushika mkononi) ni mbovu.

Kibodi nyingi za bei nafuu hazisomi vitufe vingi kwa mpigo, kwa sababu nyaya za ndani zimepangwa kama wavu na vitufe kadhaa vinashirikiana njia moja. Jaribu hivi: mmoja ashikilie mshale wa juu, wa kushoto na V, mwenzake ashikilie W na A. Gari la mmoja likikataa kukata kona, kosa si la gemu. Chomeka kibodi ya pili ya USB. Gemu litaziona zote kama kibodi moja, kwa hiyo kila mmoja abaki na vitufe vyake tofauti, lakini ule mgongano wa nyaya utakuwa umeisha. Pedi za USB ni bora zaidi kama zipo.

Mtoto mgeni mfundishe mambo manne tu. La kwanza, asikanyage mafuta kabla ya ishara ya kuondoka, kwani anayetangulia anaadhibiwa kwa kucheleweshwa. La pili, afuate maboksi ya zawadi na akwepe ndizi. Hili la ndizi lina kazi yake: mtoto aliyelelewa kihambani, anayejua ndizi ni mtori na ndizi-nyama, ataifuata kwa furaha, kisha ajikute ana nanga, mwavuli wa kumvuta nyuma, au bomu. Bomu lina dawa. Mguse mwenzako kabla halijalipuka, linahamia kwake. La tatu, akianguka shimoni asipige kelele wala asibonyeze ovyo. Anakuja ndege, anamnyanyua na gari lake, anamrudisha barabarani. Aliyenasa kwenye ukuta anaweza kumwita ndege huyo kwa kitufe cha kufutia herufi.

La nne ni kuserereka, na ndilo linalotenganisha mwenye ujuzi na mbahatishaji. Ingia kwenye kona, kata usukani, shikilia V. Usiachie haraka. Subiri rangi inayotokea kwenye magurudumu ibadilike, kisha achia gari likiwa limeelekea barabara iliyonyooka, utapata msukumo wa bure. Ukishikilia zaidi kidogo, rangi inabadilika tena na msukumo unakuwa mkubwa. Ukiachia gari likiwa linatazama ukuta, msukumo huohuo unakubamiza ukutani. Naitro itunze kwa barabara ndefu, usiimwage kwenye kona.

Silaha zinajifunza zenyewe, ila bigijii haieleweki upesi. Ukiirusha kawaida inakuwa ngao inayokulinda, lakini ukishikilia B huku unarusha, inadondoka nyuma ili anayekufuata ainase.

Ukichanganya mtoto wa miaka mitano na kaka yake wa kidato cha pili, mdogo atalia ndani ya dakika kumi. Weka ugumu wa chini kabisa na umpe gari jepesi, maana linaongeza mwendo haraka baada ya kugonga, na mtoto mdogo anagonga sana. Magari mazito yana kasi ya juu zaidi na yanamfaa asiyegongagonga. Kwenye mipangilio kuna nafasi ya kumpunguzia nguvu mchezaji mzoefu. Mpe huyo kaka, na umwambie ni heshima. Anzia njia fupi kama Oliver's Math Class, ambako vigari vinakimbia juu ya dawati. Fort Magma wasiione kwanza.

Mizunguko mitatu kwa zamu inatosha. Mashindano ya njia nyingi mfululizo yanawachosha walio kwenye foleni, na hapo ndipo waya wa pedi unapovutwa. Baadhi ya njia zimefungwa mpaka uzifungue kwa kushinda changamoto za hadithi, na ufunguzi huo unakaa kwenye jina la mchezaji aliyezishinda. Fungua kadhaa mapema, kisha wote wacheze kupitia jina hilo. Kukiwa na mapumziko ya mbio, jaribuni mpira wa miguu wa magari. Sheria hazihitaji maelezo.

Wenye simu wasikae bure. Simu moja iwashe hotspoti huku data imezimwa, ili bando la mwenyewe lisinyonywe na simu za wengine. Zote ziungane hapo, mmoja aanzishe mbio za mtandao wa ndani, wengine wazitafute kwenye orodha. Namba ya toleo ikitofautiana huenda wasiweze kuungana. Kama mwanzilishi ni laptopu ya Windows na hakuna anayeiona, kuna uwezekano kwamba kile kidirisha cha ulinzi kilipouliza ruhusa, mtu alibonyeza hapana. Rudi ukaruhusu. Na mwenye simu ya hotspoti asitumwe dukani katikati ya mbio, akifika getini kila mtu amekatika.