Kubuti UEFI kwa mashine pepe kabla uguse laptopu ya kastoma

Kama unatengeneza laptopu hapa Kondele unajua hii shida, umeinstoli Debian (aina ya Linux) poa kabisa, mwenyewe ameenda nayo Ahero, wiki ijayo anarudi anasema haioni diski. Mimi siku hizi najaribia kwanza ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima (hiyo ndio mashine pepe), huko hata nikiharibu hakuna mtu wa kulipa.

QEMU ya kawaida hubuti na SeaBIOS, ile ya kizamani, so UEFI, famwea ya kisasa (programu ya kwanza inayowasha mashine na kutafuta cha kubuti), lazima uilete wewe. Ya bure ni OVMF, inatoka kwa mradi wa TianoCore, kodi yake iko wazi.

sudo apt install qemu-system-x86 qemu-utils ovmf

Sasa hapa soma polepole. Ndani ya /usr/share/OVMF kuna OVMF_CODE_4M.fd, hiyo ndio famwea yenyewe, na OVMF_VARS_4M.fd ambayo ni kama daftari yake, ndio inakumbuka ibuti kutoka wapi. CODE haiandikwi, VARS inaandikwa, kwa hivyo kila mashine ipe kopi yake.

cp /usr/share/OVMF/OVMF_VARS_4M.fd vars.fd
qemu-img create -f qcow2 diski.qcow2 20G

qemu-system-x86_64 -enable-kvm -machine q35 -m 2048 -drive if=pflash,format=raw,readonly=on,file=/usr/share/OVMF/OVMF_CODE_4M.fd -drive if=pflash,format=raw,file=vars.fd -drive file=diski.qcow2,format=qcow2 -cdrom debian.iso

debian.iso ni ile faili ya kuinstoli Debian. CODE itangulie VARS, usigeuze. Ikilia juu ya KVM (kitu cha Linux cha kuharakisha mashine pepe), washa VT-x kwa settings za BIOS za laptopu yako, bila hiyo itatambaa sana.

Ukimaliza kuinstoli Debian, zima, toa -cdrom, alafu fanya ile cp tena juu ya vars.fd. Hapo umefuta daftari, famwea imesahau kila kitu, na ukiwasha utajipata kwa Shell> (mahali famwea inangoja uiandikie amri) badala ya Debian. Hiyo ndio ile ile ya mtu wa Ahero, diski iko sawa kabisa, ni njia imepotea. Andika:

fs0:
\EFI\debian\grubx64.efi

Debian itawaka. Ingia uipatie njia mbili:

sudo grub-install --force-extra-removable

Hiyo inaweka kopi kwa EFI/BOOT, mahali famwea huangalia hata kama haikumbuki chochote. Rudia ile cp juu ya vars.fd uone, safari hii inawaka yenyewe. Nikishaona imeshika hapo ndio narudi kwa laptopu ya mwenyewe na amri hiyo hiyo moja.