Somo: Kujiandaa na uzamili wa ubunifu Ujerumani huku unakula kwa kazi za mtandaoni

Wabunifu wenzangu, wengi mnaniuliza inbox nilijiandaaje kuja kusoma huku Ujerumani ilhali sikuwa na ajira, nilikuwa na laptop, bando na wateja wa mbali. Nayaweka hapa yote.

Hatua ya 1: Kila kazi iwe na karatasi

Naanza na hili kwa sababu ndilo lililoniumiza. Mwaka wa kwanza nilifanya kazi kwa makubaliano ya WhatsApp tu. Nilipohitaji barua ya uthibitisho, mteja niliyemtengenezea nembo, vifungashio na tovuti alikuwa ameshafunga biashara na simu haipatikani. Miezi 11 ya jasho, sina hata ukurasa mmoja wa kuonyesha! Kwa hiyo anza leo: mkataba hata wa ukurasa mmoja, ankara yenye namba na tarehe, na barua ya mteja uiombe siku ileile unayokabidhi kazi, angali amefurahi. TIN, yaani namba ya mlipakodi, nayo chukua TRA (mamlaka ya mapato), ni bure.

Hatua ya 2: Potifolio

Potifolio ni mkusanyo wa kazi zako unaoupeleka chuoni, na hapa ndipo utumie nguvu zako zote. Vyuo vya ubunifu huku vinataka kuona unavyofikiri, na nembo 40 zinazong'aa haziwaambii hilo. Mimi nilipeleka kazi 6. Iliyonibeba haikuwa hata ya mteja: niliuchora upya mfumo wa mistari ya rangi ya daladala za Dar, ile inayomsaidia hata asiyejua kusoma kulitambua gari la njia yake. Kurasa za mwanzo zilikuwa picha nilizopiga Mbagala Rangi Tatu saa 12 asubuhi, mstari wa buluu umepauka mpaka unafanana na wa kijani. Zikafuata karatasi za penseli zilizofutwafutwa, pamoja na mchoro ambao konda mmoja aliukataa kwa kuwa kwa mbali haukuonekana. Kwenye usaili waliniuliza habari za konda huyo kuliko kitu kingine chochote. Msitupe michoro iliyoshindikana, tafadhali.

Hatua ya 3: Pesa

Vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Mzigo mkubwa ni amana ya viza, pesa unayoiweka kwanza kwenye akaunti iliyofungwa kuonyesha utajikimu: tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, na ukishafika unaruhusiwa kuchukua 992 kila mwezi. Theluthi ya kila malipo niliiacha kwenye euro, sikuigusa hata kodi ya chumba ilipobana. Kuomba kupitia uni-assist, shirika linalokagua maombi ya wanafunzi wa nje kwa niaba ya vyuo, ni euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata, hivyo chagua vichache unavyovitaka kweli.

Hatua ya 4: Kalenda

Muhula wa baridi huanza Oktoba. Maombi mengi hufungwa 15 Julai, lakini ya ubunifu mara nyingi hufungwa mapema zaidi. Cheti cha IELTS, mtihani wa Kiingereza, huhesabika miaka 2, usikimbilie mtihani mapema mno.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, mteja kanisainisha mkataba wa siri. Kazi yake naiwekaje kwenye potifolio?

Usiiweke kimyakimya, mdogo wangu. Mwandikie, taja kurasa unazotaka kuonyesha na chuo utakachozipeleka. Akikataa, tengeneza kazi yako mwenyewe yenye tatizo kama lile.

Muda uliupata wapi, na wateja wanataka kazi kila siku?

Asubuhi. Majira ya baridi saa 4 ya Dar ndiyo saa 2 ya Berlin, mteja ndiyo kwanza anafungua ofisi. Kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 ulikuwa muda wangu, simu nimezima.

Nikishafika huko naendelea na wateja wangu?

Kaka, hapa kuwa mwangalifu sana. Kibali cha mwanafunzi kinakuruhusu kuajiriwa siku 140 kamili au siku 280 za nusu kwa mwaka. Kujiajiri ni jambo jingine, lazima uombe ruhusa kwanza ofisi ya wageni ya mji wako. Nilikwenda na ile mikataba na ankara kwenye faili moja. Majibu yalichukua wiki 7, sikugusa kazi hata moja, na kati ya wateja wangu watatu wawili walinisubiri.