Namna ya Kutazama Batman ya 1966 Bila Kupitwa na Mzaha Wake

Mtu aliyezoea mashujaa wa filamu za leo, wanaopigana gizani huku wakiugulia majeraha ya utoto wao, akiifungua tamthilia ya Batman ya 1966 kwa mara ya kwanza huizima baada ya dakika kumi akidhani amepewa kitu cha watoto. Kosa si lake peke yake. Tamthilia hiyo, iliyorushwa na kituo cha ABC cha Marekani kuanzia tarehe 12 Januari 1966 hadi Machi 1968, haimwambii mtazamaji popote kwamba inatania. Haina vicheko vya kurekodiwa, mashujaa wake hawamkonyezi mtu jicho, na Adam West, aliyeigiza Batman, hutamka upuuzi mtupu kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1966 iliteuliwa kuwania Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, katika kundi la vichekesho, kwa hiyo waliokuwa wakiitazama watu wazima walikwisha kuutambua mchezo.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali pa kuanzia. Katika misimu miwili ya mwanzo karibu kila kisa kiligawanywa nusu mbili, kila nusu ikiwa na dakika zipatazo 25, ya kwanza ikionyeshwa Jumatano usiku na ya pili Alhamisi. Ukiangalia majina ya nusu hizo utaona kwamba mara nyingi yana vina kama mishororo ya shairi: sehemu ya kwanza kabisa inaitwa “Hi Diddle Riddle” na mwenzake “Smack in the Middle”. Msimu wa tatu uache kwanza. Ulimleta Yvonne Craig kama Batgirl, shujaa wa kike, na yeye hana lawama, lakini fedha zilikuwa zimepungua, mandhari yakawa matupu, na ule utaratibu wa jozi ukaachwa kwa sehemu kubwa. Kwa mgeni mimi hupendekeza jozi ya Oktoba 1966, “An Egg Grows in Gotham” na “The Yegg Foes in Gotham”, ambamo Vincent Price anaigiza mhalifu aitwaye Egghead.

Kisha usiruke utangulizi, hata kama umeuona mara tano. Uhalifu unatokea, kamishna wa polisi anakiri kwamba jeshi lake halijui la kufanya, simu nyekundu inainuliwa, na katika jumba la Bruce Wayne, tajiri ambaye kwa siri ndiye Batman, mtumishi Alfred anaipokea kwa adabu zote. Bruce na kijana wake Dick, ambaye ndiye Robin, msaidizi wa Batman, wanamtungia shangazi Harriet kisingizio, wanafunua kichwa cha sanamu ya Shakespeare, wanabonyeza swichi iliyofichwa humo, kabati la vitabu linasogea, na wote wawili wanateleza kwenye nguzo kuelekea pangoni. Wanaondoka juu wakiwa na suti na kufika chini wakiwa wamekwisha kuvaa mavazi yao ya kazi, na hakuna anayeulizwa jambo hilo liliwezekanaje. Mkifika pangoni, simamisha picha na usome vibandiko. Karibu kila mashine imeandikwa jina lake kwa herufi kubwa, kana kwamba watu wawili wanaoishi na siri hiyo kila siku wangeweza kusahau kile walichokijenga wenyewe. Huo ndio mzaha wa tamthilia nzima kwa udogo wake: upuuzi uliopangwa kwa nidhamu ya ofisi.

Sasa mtazame adui, na hapa usiwe na haraka. Egghead ana kichwa kikubwa cheupe kisicho na unywele hata mmoja, kilichopanda juu kama yai lililosimamishwa, na suti yake ni nyeupe na manjano. Anajiita mwenye akili kuliko wahalifu wote duniani. Silaha zake ni mayai, yakiwemo ya kutoa machozi yaliyotagwa na kuku waliolishwa vitunguu. Kila anapopata nafasi hulichomeka neno la Kiingereza la yai ndani ya maneno mengine, hivi kwamba “exactly” inakuwa “egg-zactly”, na mchezo huo wa maneno hauvuki kwenda katika lugha nyingine. Unapotazama kwa tafsiri ya maandishi, yapuuze maandishi katika mazungumzo yake na umsikilize Price mwenyewe. Alikuwa mwigizaji aliyejulikana zaidi kwa filamu za kutisha, na sauti ileile ya kutisha, laini na ya kimasomo, ndiyo anayoitumia kusifu yai.

Mpango wake nao haukosi mantiki. Mji wa Gotham umejengwa juu ya ardhi ya kukodi, na kodi yake, ngozi tisa za rakuni (mnyama mdogo wa Amerika mwenye manyoya), hulipwa kila baada ya miaka mitano. Egghead anataka malipo hayo yashindikane ili mji uwe wake. Katika njia hiyo anafikia, kwa kufikiri tu, jambo ambalo polisi wa mji mzima hawajalifikia kamwe, nalo ni kwamba Bruce Wayne ndiye Batman. Hakukosea, na kinaya ni kwamba mtu mwenye akili ya kiwango hicho ameshindwa kuishi bila mayai. Hilo ndilo swali la kumuuliza kila adui wa tamthilia hii: amefungwa na kitu gani, na kitu hicho kinamsaliti vipi? Riddler wa Frank Gorshin hawezi kuiba bila kutuma kitendawili kinachoeleza mahali atakapoiba. King Tut wa Victor Buono ni profesa wa Chuo Kikuu cha Yale aliyepigwa kichwani akaamka akijiona farao. Mashujaa hawabadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mwigizaji mwenye nafasi ya kucheza ni adui, na wengi wao wanaonekana dhahiri wakifurahia. Cesar Romero alikataa kunyoa masharubu ili aigize Joker, wakayapaka rangi nyeupe juu yake. Kwenye kioo kizuri unayaona wazi, na ukishayaona hutaacha kuyatazama.

Jozi hii ina doa ambalo ni afadhali ulijue mapema. Kiongozi wa Wamohikani anayedai kodi, aliyepewa jina la Chief Screaming Chicken, anaigizwa na mzungu, Edward Everett Horton, na amechorwa kwa dhihaka ya kizamani dhidi ya wenyeji wa Amerika. Mzaha wa yai umezeeka vizuri, huu haukuzeeka vizuri, na sioni sababu ya kuutetea.

Katika maskani ya wahalifu angalia jinsi picha ilivyolala upande. Kamera iliinamishwa makusudi, ili kwa watu waliopotoka hata sakafu ipotoke, na mashujaa wakiwa kwao picha inanyooka tena. Katika mapigano tanakali za sauti huandikwa kwa rangi kali kama katika vibonzo. Mwanzoni ziliwekwa juu ya picha yenyewe. Baadaye, kwa kubana matumizi, zikawa kadi zinazokatiza pigano. Wakipanda ukuta wa ghorofa kwa kamba, zitazame kofia na joho: ukuta umelazwa chini, kamera imegeuzwa, wao wanatembea wakiwa wameinama, na joho limevutwa kwa uzi. Mara nyingi dirisha hufunguka na mtu maarufu kama Jerry Lewis au Sammy Davis Jr. akachungulia na kuzungumza nao.

Mwisho wa nusu ya kwanza ya jozi hiyo ya Egghead, Bruce Wayne anawekewa kichwani mashine ya kufyonza mawazo, na msimulizi, ambaye ni mtayarishaji William Dozier mwenyewe bila kutajwa jina, anauliza kwa wahaka kama huu ndio mwisho. Kila mtu anajua stelingi hafi, na Dozier anajua kwamba unajua. Ndiyo maana anaichuuza hofu hiyo kwa sauti ya mtu anayetangaza vita. Zima hapo. Usiunganishe nusu ya pili usiku huohuo, kwa kuwa maneno yake ya kuaga, yanayokutaka urudi kesho wakati uleule wa popo na kituo kilekile cha popo (popo kwa Kiingereza ni “bat”), yalitungwa kwa ajili ya mtu atakayelala akisubiri. Kesho yake, mwite mtu ambaye hajawahi kuiona, umweleze kisa kwa sentensi mbili, na usimwambie kwamba ni kichekesho.