Ukishakatwa uvimbe wa saratani ya ini: mambo ya kuweka sawa kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani

Omba ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara ya uvimbe uliokatwa. Ikiwa bado, uliza itatoka lini. Angalia ukubwa na idadi ya uvimbe, kama kingo za palipokatwa ni safi (hazina saratani), na kama seli za saratani zimekutwa ndani ya vimishipa vya damu. Hilo la mwisho ndilo zito, maana saratani hii husafiri kwa damu: kwanza ndani ya ini lililobaki, kisha mapafu na mifupa.

Chukua tarehe za kliniki mapema. Miaka 2 ya kwanza, kila miezi 3 au 4. Baadaye kila miezi 6. Saratani inayorudi mapema mara nyingi ni masalia ya uvimbe ule ule. Inayochelewa huwa mara nyingi mpya kabisa, imeota kwenye ini lenye makovu, kwa hiyo kutimiza miaka 5 si ruhusa ya kuacha kliniki.

Sasa AFP, kipimo cha damu cha protini ambayo uvimbe wa ini unaweza kuitoa; kipimo hiki huponza wengi. Mtu anaambiwa iko kawaida, anafurahi, CT skani anaiahirisha. Swali ni hili: kabla ya upasuaji ilikuwa ngapi? Kama ilikuwa kawaida wakati uvimbe upo tumboni, basi uvimbe wako hautoi AFP, na hata ukirudi huenda damu isiseme kitu. Kama ilikuwa juu, inatakiwa ishuke hadi kawaida ndani ya miezi 2 hivi. Ikigoma, au ikishuka kisha ikapanda tena, daktari atafute chanzo, kifua kikiwemo. (Homa ya ini ikichachamaa nayo huipandisha, kwa hiyo namba moja isikutoe roho.) Andika namba ya kabla na ya baada kwenye karatasi moja.

Picha iwe CT au MRI ya kuchomwa dawa mshipani, ipigwe kwa awamu kadhaa. Ultrasaundi peke yake hukosa vivimbe vidogo. Kwa CT, pima kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kwanza, na ubebe picha za zamani.

Mwenye homa ya ini B asikatishe dawa zake za virusi, tenofoviri au entekaviri, hata virusi visipoonekana. Pombe, basi. Diklofenaki na ibuprofeni, hapana. Parasetamoli kwa kipimo cha daktari. Dawa za mitishamba zisizojulikana kilichomo, achana nazo. Na kikohozi kisichoisha, maumivu ya mfupa yanayozidi usiku, tumbo kujaa maji au macho kuwa ya njano, usingoje tarehe ya kliniki.